Mtani Haombwi Ruhusa

Tangu mtani wangu ahame mtaa wetu wa Majengo, hakuna mtu anayeingia nyumbani kwangu bila kubisha hodi. Majirani zangu ni watu wema. Husimama mlangoni, huita, husubiri nivute miguu nikawafungulie, huketi kwenye ukingo wa kiti, huuliza afya yangu, kisha huaga. Yeye hakuwahi kubisha hodi. Alikuwa akiingia kwa mlango wa uani akitokea sokoni, ananuka samaki wakavu, anafunua sufuria jikoni na kuchukua kipande cha nyama kikubwa kuliko vyote, ndipo anageuka kunisalimu mdomo ukiwa umejaa.

"Bado hujafa tu?"

"Nakungoja wewe utangulie, unifagilie njia."

Sasa sufuria zangu ziko salama. Naweza kupika asubuhi nikakuta jioni chakula kiko vilevile nilivyokiacha.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze kidogo. Sisi tulio huku juu, kwenye uwanda wa Ufipa, na wao wa kule chini, kando ya ziwa Tanganyika, tumetaniana tangu kwa babu zetu. Sisi tunasema wao wamelelewa na samaki. Wao wanasema baridi imetugandisha akili na ulezi umetufunga matumbo. Mtani anaweza kuingia kwako, akakamata kuku, akaondoka naye, nawe ukabaki unacheka. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na utatozwa kuku wa pili. Mtani haombwi ruhusa. Ukimwomba umemtukana, maana umemfanya mgeni. Nimeishi na kanuni hiyo mpaka uzee huu, na kwa kanuni hiyo hiyo nilimpeleka gerezani.

Alizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Mama yake alivuka naye akiwa mchanga, mgongoni, kulipokuwa na vurugu kwao, wakafikia Wampembe, upande wetu wa ziwa. Alikulia hapo, akabatizwa hapo, akaoa hapo. Kisha akapanda huku Sumbawanga kuuza samaki, migebuka na dagaa, na meza yake sokoni ikawa mahali pa watu kupiga soga. Kitambulisho cha taifa hakuwa nacho. Alijaribu kukiomba, akaambiwa alete karatasi za wazazi. Alete za nani, na mama alivuka na kanga moja na mtoto? Akaacha. Laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la mkewe, na maisha yakaendelea. Sote tulijua. Halikuwa jambo la kunong'onezana. Lilikuwa sehemu ya utani wetu.

Mimi nilikuwa karani wa ghala la mazao mpaka nilipostaafu. Nina elimu ya kidato cha nne, na kwa umri wangu na kwa huku kwetu hiyo si elimu ndogo. Mke wangu alitangulia mbele ya haki. Watoto wametawanyika. Wa mwisho, binti, yuko Dar es Salaam katika kampuni inayotengeneza programu za simu. Nilijivuna naye kupita kiasi. Nikienda kanisani nilipenda watu waniulize habari zake, na wasipouliza nilitafuta njia ya kuzileta.

Siku moja alinipigia akaniambia kampuni za kompyuta zimeungana, yao na nyingine nyingi, ziiombe serikali ibadilishe sheria.

"Sheria gani, mama? Za kodi?"

"Hapana, baba. Za uhamiaji, na za mahabusu na dhamana."

"Watu wa kompyuta wana nini na mahabusu?"

Akanieleza. Kijana mmoja waliyekuwa wanakaa naye meza moja alikamatwa kwa sababu tapeli alitumia laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Alikaa mahabusu akingoja kesi isikilizwe, na alipoonekana hana hatia mama yake alikuwa ameshazikwa. Mwenzao mwingine, mtu wa nchi jirani, kibali chake kiliisha wakati maombi ya kipya yako mezani kwa mtu, akachukuliwa ofisini mbele ya wenzake. Walipokwenda kuwaangalia hao wawili, wakakuta waliojaa mle si watu wa kompyuta. Ni wauza karanga, wavuvi, watu waliokuja nchini wakiwa wamebebwa mgongoni.

"Sikufichi, baba, kuna wakubwa wanaotaka tu vibali vya wafanyakazi wao vitoke haraka. Lakini wengine tunataka kweli. Tatizo ni kwamba tukienda na hoja zetu, wabunge wanasinzia. Tunatafuta watu. Sura ya mtu, habari ya mtu."

Nilimfikiria mtani wangu hapo hapo. Na katika simu yangu nilikuwa na video.

Ilirekodiwa siku ya misa ya kumkumbuka mke wangu, mwaka baada ya kumzika. Baada ya misa watu walikuja nyumbani kula, na mtani wangu, kama ilivyo haki ya mtani, akaingia amejifunga kitenge cha marehemu na kukalia kiti changu.

"Nimekuja kudai dada yangu," akasema. "Mlimlisha ulezi mpaka tumbo likawa jiwe. Nirudishieni, au nipeni huyu mumewe nimtumie kutishia ndege shambani."

Watu wakaangua kicheko. Nami sikukubali kushindwa. Nikasimama, nikaelekea kwenye simu iliyokuwa inarekodi.

"Mnamwona huyu? Alivushwa ziwani ndani ya gunia la dagaa. Askari akafungua gunia, akapiga chafya, akafunga. Mpaka leo hana nchi, hana kitambulisho, hana namba. Siku ya sensa anahesabiwa pamoja na samaki!"

"Na wewe ulinipokea," akajibu, "kwa sababu ulidhani ni dagaa kweli!"

Hiyo ndiyo video. Ukiitazama utacheka; wote waliicheka. Nikamwambia binti yangu ninayo, na kwamba ndani yake kuna kila kitu wanachokitafuta: mzee aliyekaa hapa maisha yake yote, anapendwa, na sheria haimjui.

"Umemwomba ruhusa, baba?"

"Mtani haombwi ruhusa. Nikimwomba atanitoza kuku."

Akacheka. Kama angekuwa mtoto wa watu wengine, aliyelelewa kwingine, asingecheka, angerudia swali. Lakini nilimlea mimi, juu ya kanuni ile ile. Nikaituma.

Niseme ukweli kuhusu moyo wangu siku hiyo. Nilitaka kumsaidia, ndiyo. Lakini nilitaka pia nionekane. Nilitaka watu wa Dar es Salaam wajue kwamba baba wa yule dada si mzee tu wa mikoani. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja, na leo siwezi kukuambia lipi lilikuwa zito zaidi.

Waliionyesha ukumbini mbele ya wabunge na waandishi wa habari. Binti yangu aliniambia watu walicheka, kisha wakanyamaza, na kwamba ule ukimya ndio walioutaka. Baadaye wakaiweka mtandaoni. Haikupita wiki ikawa imepanda mlima na kufika Majengo, simu kwa simu. Watoto wa sokoni wakawa wanampigia kelele mtani wangu, "Gunia la dagaa!" Yeye mwenyewe alicheka. Alikuja kwangu akaniambia, "Umeniuza mjini, wewe. Leta changu." Tukala pamoja. Ile ndiyo mara ya mwisho yeye kula kwangu.

Maofisa wa uhamiaji walimfuata mezani kwake asubuhi, watu wawili, kwa adabu. Wakamwacha afunike samaki wake kwanza. Mimi nilipata habari nikiwa nanyolewa. Nikaondoka kinyozini nimenyolewa upande mmoja.

Ofisa niliyemkuta alikuwa kijana mwenye heshima. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti.

"Mzee, ni wewe unayesema kwenye video?"

"Ni mimi. Lakini ule ni utani, mwanangu."

"Utani naujua. Hata mimi nina watani, wananiibia soda kila harusi. Lakini mzee, umesimama mbele ya nchi nzima ukasema mtu huyu hana karatasi. Nikikaa kimya, nitaulizwa mimi."

"Ungemuuliza kwanza."

"Nilimuuliza. Nikasema, una kitambulisho? Hana. Umezaliwa wapi? Akaniambia ng'ambo. Hakudanganya hata kidogo. Sisi hatukumtafuta, mzee. Mmemleta wenyewe."

Akapelekwa mahabusu kungoja kesi ya kuishi nchini bila kibali. Dhamana haikupatikana, kwa kuwa mtu asiye na kitambulisho hujulikana vipi kwamba hatavuka ziwa? Yaani yale ambayo binti yangu na wenzake walikuwa wanayasema ukumbini, mimi nilikuwa nimeyaleta yakakaa juu ya mtu mmoja ninayemjua.

Siku niliyoruhusiwa kumwona nilibeba migebuka iliyopikwa na mkewe. Mama yule alinikabidhi chombo bila kunitazama usoni, akasema tu, "Mfikishie." Njiani nilitayarisha utani. Nilipanga kumwambia kwamba hatimaye serikali imempa nyumba ya bati. Nilipomwona akija upande wa pili wa wavu, mabega yamekuwa membamba ndani ya shati, nikausema hata hivyo.

Aliketi, akasema, "Ahsante kwa kuja, mzee. Umesumbuka na baridi hii."

Hakuwahi kuniita mzee. Tuko rika moja. Hakuwahi kunishukuru kwa chochote, maana mtani hashukuru, anachukua. Nilisubiri acheke anionyeshe kwamba ananichezea. Askari akasema muda umekwisha. Mtani wangu akaniaga vizuri, kwa adabu zote, kama anavyoagwa mwenyekiti wa mtaa. Nikarudi kwa miguu. Ilikuwa miezi ya upepo, ule unaokausha midomo, na sikumbuki niliyempita njiani.

Binti yangu alilia kwenye simu. Kisha akafanya kazi. Muungano wao ukamtuma wakili kutoka Dar es Salaam, mwanamke mchapakazi asiyependa maneno mengi. Baadhi ya wenzake binti yangu wakataka kuchapa sura ya mtani wangu kwenye fulana, na chini yake waandike kwamba aachiwe huru. Safari hii waliomba ruhusa. Wakili alimpelekea ombi gerezani, akarudi na jibu: "Nimeshaonyeshwa vya kutosha." Fulana hazikuchapwa.

Wakili aliniambia kinachotakiwa ni shahidi aliyemwona akifika akiwa mchanga, atakayesema kwamba hakuja kwa hiari yake na hajawahi kuishi kwingine. Nikasema nitakwenda Wampembe nimtafute. Nilipanda gari la abiria kupitia Namanyere. Ukitoka huku juu unaacha mashamba wazi na upepo, kisha njia inaanguka ukingoni, koti linakuwa mzigo, na chini kabisa unakutana na joto na michikichi na harufu ya samaki wanaoanikwa mchangani. Ni harufu ya nguo zake. Nilikaa kidogo stendi kabla sijauliza njia.

Nilielekezwa kwa bibi mmoja mkongwe kuliko mimi. Siku hizi ni nadra nipate mtu wa kumwamkia shikamoo. Aliitikia, akaangalia mfuko wa koti langu.

"Hiyo simu inawaka?"

"Inawaka, bibi."

"Kaiache kwa jirani, ndipo uje tuongee."

Nikaipeleka. Niliporudi akaniambia anamkumbuka mtoto yule, alimwogesha yeye mwenyewe siku walipofika, alikuwa na upele kichwani na sauti kubwa kuliko mwili. Nikamwomba aje Sumbawanga aseme hayo mahakamani. Akatikisa kichwa.

"Leo nitasema nilimpokea mama yake. Kesho wataniuliza, na wewe ulipokelewa na nani?" Akanyoosha mkono kuelekea nyumba za jirani. "Na hawa je? Hapa tulikuwa tunazungumza mambo yetu kwa sauti. Tangu picha yako ifike, watu wanazungumza kama wako msibani. Wewe ndiye uliyemfungia mlango. Wewe nenda ukaufungue."

Hakusema kwa ukali. Alinipa hata ndizi za njiani.

Basi shahidi nikawa mimi. Nilivaa suti niliyomzikia mke wangu. Nikaapa, nikasema yote: mama, mtoto mgongoni, maisha yake yote hapa, na kwamba habari za gunia na askari ni uongo wa utani. Hakimu, mama wa makamo, aliandika kwa subira. Mtani wangu alikuwa kizimbani, anatazama ukuta.

"Mzee," hakimu akasema, "kwenye video umesema amevushwa kwa gunia. Leo unasema amevuka mgongoni kwa mama yake. Mahakama ijue vipi lini unasema kweli na lini unatania?"

Watu nyuma wakacheka kidogo. Nikasema, "Mheshimiwa, maneno ya mtani hayahesabiwi."

"Hapa, mzee, kila neno linahesabiwa."

Nilishuka. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na nimeona aibu nyingi.

Aliyemwokoa ni wakili, si mimi. Alizunguka ofisi hii na ile mpaka upande wa mashtaka ukaiondoa kesi, kwa sharti kwamba mtani wangu aombe kibali cha mlowezi, yaani mgeni aliyekaa siku nyingi. Binti yangu aliniandikia, "Baba, tumeshinda!" Na kwa kweli walishinda. Ananiambia kuna wabunge ambao sasa wanauliza habari za walowezi na dhamana, na kwamba kilichowaamsha ni video ile ile. Namwamini. Sheria inaweza kuja kubadilika na watu nisiowajua wakalala makwao kwa amani. Ni jambo jema, na limepitia mgongoni mwa mtu ambaye hakuulizwa kama anataka kulibeba.

Nilimpokea nje ya lango la gereza. Mkewe alikuwapo, nami nilisimama nyuma yake.

"Karibu nyumbani," nikasema.

"Nyumbani wapi, mzee? Nimeingia mle mtu wa Majengo, nimetoka mlowezi."

Wakauza meza ya samaki, wakateremka Wampembe kwa binti yao. Sikuzuiwa kusaidia kubeba mizigo, wala sikuombwa.

Nampigia simu kila Jumapili nikitoka misani. Anapokea, sijawahi kupiga akakosa kupokea. Ananiuliza hali ya hewa, mahindi, magoti yangu. Nami namuuliza habari za ziwa. Tunaongea kama watu wawili waliokutana kwenye harusi ya mtu mwingine. Jumapili moja nikashindwa kuvumilia.

"Utarudi lini?"

Nikasikia watoto wakicheza huko kwake.

"Siku nitakayopita sokoni Majengo," akasema, "na mtoto asinipigie kelele habari za gunia."

"Binti yangu ameshaitoa mtandaoni. Aliitoa zamani."

"Mtandaoni mimi siendi. Iko kwenye simu za watu. Mjukuu wangu alirudi nayo kutoka huko juzi." Kisha akasema, bado kwa adabu, "Ni hilo tu, mzee. Siku njema."

Kesho yake nilianza. Nilianzia mwanzo wa mtaa, kwenye duka la kuchaji simu, kisha kwa kinyozi, kisha kwa mama anayeuza vitumbua, kisha kwa vijana wa bodaboda. Kwa kila mtu nasema maneno yale yale: naomba, kama unayo ile video yangu na muuza samaki, uifute mbele yangu. Na asiyekuwa nayo namwomba aikatae ikija.

Wengine wanaifuta. "Poa, mzee, hii hapa, imeondoka." Wengine wananihurumia, jambo ambalo ni gumu zaidi. Kijana mmoja wa bodaboda alimwambia mwenzake, "Mshikaji, hebu icheze kwanza tuione mara ya mwisho," wakaitazama pale pale, wakacheka, nami nimesimama nimeshika kofia, nasikia sauti yangu ikitoka ndani ya simu ikiwa na furaha tele.

"Kumbe mzee ulikuwa mkali hivi!" akasema. "Ila hii iko kila mahali. Utamaliza lini?"

Nikamwambia sijui. Akaifuta. Nikamwomba mwenzake naye atoe ya kwake.